Damu ya mpira wa shingoni: Mbona ile ya kwanza humwagwa?

Ukiabiri matatu ya asubuhi kwenye Ngong Road, au ile nambari 46 inayotoka Kawangware ikipitia Hurlingham, huenda umewahi kuketi kando ya mtu wa rika lako aliyejifunga skafu shingoni ilhali jua limeshawaka. Ukadhani ni mtindo tu. Chini ya skafu hiyo wakati mwingine kuna plasta nyeupe, na kwenye plasta inaning'inia mipira miwili mifupi: mmoja una kibano chekundu, mwingine cha buluu. Mwenye skafu anaenda kusafishwa damu kwa sababu figo zake zimegoma, na mpira ule ndio unaomshikilia hadi wiki ijayo.

Madaktari huuita kateta ya mshipa mkuu. Wagonjwa wenyewe husema "mpira", basi. Huingizwa kupitia mshipa wa shingo, wa chini ya mtulinga au wa paja, na ile ya shingoni na kifuani ncha yake huishia kwenye mshipa mpana unaomwaga damu moyoni. Wanaosafishwa damu wako nao. Walio ICU wako nao, mara nyingi wenye njia tatu ndani yake. Baadhi ya wanaopata kemo wana aina inayofukiwa kabisa chini ya ngozi ya kifua, iitwayo poti, ambayo hudungwa sindano maalumu kila inapohitajika.

Sasa, mtu aliyechoka kudungwa akiona mpira unaoenda moja kwa moja kwenye mshipa mkuu, atawaza kama mimi na wewe. "Sista, si utoe tu hapa kwa mpira?" Ombi hilo huenda wauguzi pale Kenyatta, Aga Khan kule Parklands na kwenye kliniki ndogo za Kangemi wanalijua kwa moyo. Lina mantiki yake. Mishipa ya mikono imejificha, mgonjwa ana uchungu, na damu iko pale pale inangoja.

Shida ni kwamba damu inaweza kutoka kwa ulaini kabisa, nyekundu na ya kupendeza, na bado ikawa ya uongo.

Kilichomo ndani ya mpira

Mpira usiotumika hauachwi mtupu. Ukiachwa na damu, damu hiyo itaganda na mpira utaziba. Kwa hivyo baada ya kila kipindi cha kusafisha damu, njia zote mbili hujazwa dawa ya kuzuia kuganda, na hapa kwetu aghalabu huwa heparini. Nguvu yake inaweza kuwa uniti 1,000 au hata 5,000 kwa kila mililita moja, na kila njia humeza takriban mililita moja na nusu hadi mbili. Kiasi kamili huwa kimechapishwa kwenye mpira wenyewe, maandishi madogo madogo.

Chukua mililita tatu za kwanza ukapeleke maabara kupima kuganda kwa damu. Majibu yatasema damu ya mgonjwa huyu haigandi kabisa. Upasuaji utaahirishwa, au mtu ataongezewa plazma asiyoihitaji. Na ukifanya kinyume, yaani usivute heparini ile bali uisukume ndani kwa maji ya chumvi, umempa mgonjwa dozi ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Ndiyo maana kwa mpira wa kusafisha damu hatua ya kwanza ni kuvuta na kutupa, si kusukuma.

Kwa mgonjwa wa wodini mwenye dripu, hatari ni nyingine. Tuseme anapewa maji ya sukari, ile dekstrosi ya asilimia 5. Kila lita ina gramu 50 za sukari. Ukigeuza kwa kipimo kinachotumiwa na maabara zetu unapata kati ya 250 na 280. Sukari ya mtu mzima asiye na kisukari, kabla hajala, hucheza kati ya 4 na 6 hivi. Piga hesabu: ikiwa sehemu moja tu kwa kumi ya sampuli ni maji ya dripu, mtu mwenye sukari ya 5 atasomeka karibu na 30. Hiyo ni namba ya kumfanya daktari mwanagenzi aliyekesha usiku kucha akimbilie insulini.

Na insulini haijui kwamba maabara imedanganywa. Itashusha sukari ya kweli.

Si kisa cha kubuni. Uingereza, mwaka 2018, mgonjwa mmoja katika eneo la Suffolk alikuwa na mpira kwenye mshipa wa ateri, ambao ni binamu wa karibu wa huu tunaozungumzia. Uliunganishwa na maji ya glukosi badala ya maji ya chumvi. Vipimo vilivyotolewa humo vikaonyesha sukari ya juu, akapewa insulini. Alifariki wiki kadhaa baadaye, na uchunguzi uliokamilika mwaka 2020 ukasema insulini hiyo isiyohitajika, iliyotokana na vipimo vya makosa, ilichangia kifo chake pamoja na ugonjwa aliokuwa nao. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 2008, shirika la usalama wa wagonjwa la nchi hiyo lilikuwa limeshatoa onyo kuhusu jambo hilo hilo.

Maji ya chumvi nayo yana ujanja wake wa kimya. Hayapandishi sukari, yanaichuja damu tu, kama chai ya mkahawa iliyoongezwa maji wateja walipozidi. Mgonjwa mwenye himoglobini ya 8, sampuli yake ikiwa na moja ya tano ya maji ya chumvi, atasomeka 6.4. Madaktari wengi huanza kufikiria kuongeza damu ikishuka chini ya 7. Kwa hiyo chupa ya damu inatolewa kwenye benki, katika nchi ambayo kila mara utaona jamaa wakiomba wachangiaji kwenye WhatsApp, na inaingia kwa mtu ambaye hakuwa na haja nayo.

Sekunde 15 ni ndefu

Basi inafanywaje? Kila hospitali ina mwongozo wake na namba hutofautiana kidogo, lakini uti wa mgongo ni mmoja.

Kwanza dripu zote zinasimamishwa, katika njia zote za mpira, si ile moja tu inayotumika kutoa damu. Matundu ya ndani yamepishana kwa sentimita chache tu, kwa hivyo dawa inayotoka kwenye tundu moja inaweza kuvutwa na jingine. Dakika moja au mbili za kungoja hutosha kwa vipimo vingi. Lakini mgonjwa wa ICU ambaye presha yake inashikiliwa na dawa ya dripu hawezi kuzimiwa hivi hivi kwa sababu ya kipimo cha himoglobini. Huyo, mdunge mkono.

Kisha mikono inaoshwa, glovu zinavaliwa, na mdomo wa mpira unasuguliwa kwa spiriti. Kusuguliwa, si kupanguswa. Miongozo mingi inasema sekunde 15 na kuacha ukauke wenyewe. Hebu jaribu sasa hivi, hesabu hadi 15 polepole ukijifanya unasugua kitu. Umeona? Ni ndefu. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi na simu ya wodi inayolia anashawishika kuishia kwenye sekunde ya tano, na hapo ndipo vijidudu vinapopata lifti hadi karibu na moyo.

Sirinji ya kuusukuma mpira ni ile ya mililita 10 au zaidi. Watu wengi hudhani sirinji ndogo ni ya upole. Ni kinyume: kwa nguvu ile ile ya kidole gumba, sirinji nyembamba hutoa shinikizo kubwa zaidi, na mpira unaweza kupasuka. Kwa mpira wa kawaida usiokuwa na heparini kali, muuguzi husukuma maji ya chumvi kuhakikisha njia iko wazi, kisha huvuta damu ya kwanza na kuitupa. Kwa mtu mzima kiasi kinachotajwa sana ni mililita 5, na kwa vipimo vya kuganda huwa zaidi. Anabadilisha sirinji. Damu ya sasa ndiyo ya maabara.

Avute taratibu. Damu ikivutwa kwa pupa, chembe nyekundu hupasuka, na ndani ya chembe hizo mna potasiamu tele kuliko iliyo nje. Mteknolojia wa maabara akizungusha sampuli hiyo kwenye mashine, ule umajimaji wa juu unaopaswa kuwa wa manjano hutoka mwekundu kama juisi ya karkade. Anajua tayari kwamba kipimo cha potasiamu hakifai.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kwa mtu aliyefeli figo potasiamu ndiyo kipimo cha kufa na kupona. Figo nzima huitoa kwenye mkojo. Zikigoma, inajikusanya, na ikizidi sana moyo hupoteza mdundo na unaweza kusimama ghafla. Sasa fikiria matokeo yanakuja saa nne usiku: potasiamu 7, na chini yake maelezo kwamba chembe zilipasuka. Je, ni ya kweli? Ukiamini namba ya uongo, utamwamsha mhudumu wa mashine na kumpa mgonjwa dawa za dharura bure. Ukipuuza namba ya kweli ukisema "aah, ni sampuli mbaya," unaweza kumkuta asubuhi amekwenda. Jibu la kitabu ni kupima moyo kwa mashine ya ECG mara moja na kutoa sampuli nyingine, safari hii vizuri. Lakini lingekuwa jambo jema zaidi kama swali lenyewe lisingeulizwa, na hilo linategemea subira ya mtu mmoja mwenye sirinji.

Rangi za vifuniko vya tyubu nazo si mapambo. Chupa za kuotesha vijidudu hujazwa kwanza, halafu ya buluu ya kuganda, kisha nyekundu au ya manjano, ya kijani, ya zambarau, na ya kijivu mwisho. Ile ya zambarau ina dawa iitwayo EDTA ambayo aghalabu ni chumvi ya potasiamu, na pia hunyakua kalsiamu. Tone lake likiingia kwenye tyubu ya manjano, potasiamu inapanda na kalsiamu inaanguka hata kama mgonjwa ni mzima kama ngarange. Ya buluu lazima ijae hadi kwenye mstari, sehemu 9 za damu kwa moja ya dawa. Na tyubu hupinduliwa polepole, haitikiswi kama soda.

Mwishoni mpira unasukumwa maji ya chumvi kwa mikupuo mifupi mifupi, unajazwa dawa yake upya ikihitajika, na kibano kinafungwa. Mpira wazi bila kibano unaweza kuvuta hewa mgonjwa anapovuta pumzi, na hewa moyoni si mchezo.

Waliobadilishiwa figo wana kanuni yao ya ziada. Dawa kama siklosporini hunata kwenye kuta za mpira. Ukitoa damu ya kupima kiwango cha dawa hiyo kupitia njia ile ile iliyotumika kuipitisha, utasoma kiwango kikubwa kuliko kilichomo mwilini, daktari atapunguza dozi, na mwili utaanza kuikataa figo ambayo labda dadake mgonjwa ndiye aliyeitoa.

Mara moja tu damu ya kwanza huwekwa

Kuna wakati ile damu ya kwanza haitupwi, na ndio wakati mpira wenyewe ni mshukiwa. Mgonjwa anatetemeka baridi nusu saa baada ya mashine kuanza, joto limepanda. Je, vijidudu viko kwenye mpira au vinatoka kwingine, pengine kifuani? Muuguzi hutoa damu kutoka kwa mpira na nyingine kutoka kwa mshipa wa mkono, wakati ule ule, kiasi sawa, kila moja kwenye chupa yake. Chupa ya mpira ikiotesha vijidudu angalau saa mbili kabla ya ile ya mkono, mpira ndio wa kulaumiwa, na huenda ukang'olewa. Ujanja huu unadai chupa ziandikwe vizuri ipi ni ipi. Zikichanganywa, kazi yote ni bure.

Mpira wenyewe, kwa taarifa yako, ulianza kwa utundu wa kijana. Mwaka 1929 Werner Forssmann, daktari wa Ujerumani aliyekuwa bado na miaka 20 na kitu, alijipenyeza mpira kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakufurahi hata kidogo. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Usijaribu nyumbani.

Basi utolewe wapi?

Nitasema ninavyoona: kwa kipimo cha kawaida, mpira usiwe chaguo la kwanza eti kwa sababu upo. Kila unapofunguliwa, mlango umefunguliwa. Katika jimbo la Michigan, Marekani, ICU zaidi ya 100 zilifuata mambo matano ya kawaida kabisa, yakiwemo kuosha mikono na kung'oa mipira isiyohitajika tena, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha maambukizi ya damu yakipungua kwa hadi asilimia 66. Hawakununua mashine mpya.

Tena kuna hesabu ya damu inayotupwa. Mililita 5 mara nne kwa siku ni 20. Kwa wiki ni 140, na hapo hatujahesabu zilizopelekwa maabara. Mtu mzima mwenye lita tano anaweza kustahimili kwa muda. Mtoto wa kilo 5 ana takriban mililita 400 mwili mzima, kwa hivyo 20 kwa siku ni asilimia 5 ya damu yake. Ndiyo maana kwa watoto hutupwa kidogo zaidi, au damu huvutwa na kurudishwa mara kadhaa ndani ya sirinji ile ile bila kuitenganisha na mpira, hadi iliyomo iwe damu halisi, kisha ndipo sampuli ichukuliwe.

Lakini kudunga mkono nako si bure kwa wenye figo mbovu. Mpira wa shingoni ni wa muda. Kinachotakiwa ni fistula, yaani mshipa wa mkono uliounganishwa na ateri kwa upasuaji mdogo ili unenepe na ustahimili sindano za mashine. Huchukua wiki kadhaa kukomaa. Mishipa iliyotobolewa kila siku kwenye kiwiko huharibika, na fistula hukosa pa kujengwa. Kwa hiyo mwenye figo zinazofeli atolewe damu nyuma ya kiganja, na mkono uliotengewa fistula usiguswe. Hili wengi huambiwa wakiwa wamechelewa.

Njia rahisi zaidi kwa wanaosafishwa damu ni kungoja siku ya mashine. Muuguzi wa kitengo hicho anaufungua mpira vyovyote vile, anavuta heparini na kuitupa, na kabla mashine haijawashwa wala heparini mpya haijaingia, anajaza tyubu zote. Mlango umefunguliwa mara moja, kazi mbili zimefanyika. Ukilazwa wodi nyingine katikati ya wiki na mtu asiye wa kitengo cha figo akataka kuufungua kwa kipimo kinachoweza kungoja, una haki ya kuuliza kwa heshima kama wa kitengo wanaweza kuitwa. Dharura ni habari nyingine.

Tangu mwaka 2015 mradi wa vifaa wa serikali ulipeleka mashine za kusafisha damu katika kaunti, na NHIF ikawa ikilipia vipindi viwili kwa wiki kwa Sh9,500 kila kimoja, kabla SHA kuchukua usukani Oktoba 2024. Hilo liliokoa watu. Ila mashine ikipelekwa mahali, subira ya sekunde 15 haipelekwi pamoja nayo kwenye sanduku. Inafundishwa, mtu kwa mtu, kama wanavyofundishwa wanafunzi wa KMTC wanaovuka kutoka madarasani hadi wodi za Kenyatta pale pale jirani.

Halafu kuna barabara. Kliniki nyingi za Kangemi na Westlands hutoa damu tu, ikabebwa kwa bodaboda hadi maabara kubwa Upper Hill au katikati ya jiji. Damu iliyoachwa bila kutenganishwa inaendelea kula sukari yake yenyewe, karibu asilimia 5 hadi 7 kila saa, isipokuwa iko kwenye tyubu ya kijivu. Jam ya Waiyaki Way ya saa mbili asubuhi inaweza kumfanya mwenye kisukari aonekane amejitahidi.

Kuna jambo moja dogo ambalo halina gharama yoyote, na ambalo mgonjwa au jamaa yake anaweza kuliomba bila kumkwaza mtu: kwenye fomu ya maabara, karibu na jina, iandikwe kwamba damu ilitolewa kwenye mpira, ni njia ipi, saa ngapi, na dripu gani ilikuwa ikiendelea. Mteknolojia akiona sukari ya 30 na neno "dekstrosi" kwenye karatasi hiyo hiyo, atapiga simu wodini kabla ya kuyatoa majibu. Ikiwa fomu haina nafasi, pembeni panatosha.